Ukurasa wa Kumi na Nne

Baridi ya Ha Ramokoatsi haina adabu: huingia bila hodi, na ikishaingia haiagi. Ndiyo maana hapa kijijini hakuna kitu kinachogombaniwa kama benchi la ukuta wa duka la 'M'e 'Mapontšo (huku 'm'e ni mama, ntate ni baba), pale ambapo jua hupiga tangu saa tatu asubuhi mpaka milima ilimeze saa kumi. Benchi lenyewe ni ubao wa lori lililokata roho mlimani miaka mingi iliyopita, umelazwa juu ya matofali, na unabeba watu watano na mablanketi yao, au sita ikiwa hawajanuniana. 'M'e 'Mapontšo huuza kahawa ya kopo, ile ya unga wa kukoroga, pamoja na makoenya, maandazi makubwa yanayoacha mafuta mpaka kwenye viwiko. Anayenunua hukaa. Anayekaa huongea. Na anayeongea, kwa desturi ya benchi hili, halazimiki kujua anachokiongea.

Jumatano hiyo wenye benchi walikuwepo. Hakimu, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ntate Molahlehi, hajawahi kuhukumu hata kuku. Alifagia mahakama ya wilaya kwa miaka kumi na mmoja, na sheria ikamwingia kwa njia ya vumbi. Mgodi, yaani Ntate Tlali, alichimba dhahabu Afrika Kusini mpaka kifua kikakataa, na hakuna jambo duniani ambalo kwake halikutokea kwanza kwenye shimo namba nne. Betri ndiye mdogo wao, miaka thelathini na tano, fundi wa simu anayeamini kila alichokisoma kwenye simu za wateja. Kati ya Mgodi na Betri palikuwa na pengo la mtu mmoja. Hapo ni mahali pa Ntate Phakiso, waliyemwita Spika kwa sababu ndiye aliyekuwa akigonga fimbo chini na kusema, “Mwenzako amalize.” Ilikuwa wiki ya sita hajatoka kitandani. Saratani ilikuwa imeshuka kwenye mifupa ya mgongo, na vidonge vya kliniki vilimtuliza saa moja vikamwachia ishirini na tatu. Hakuna aliyekaa mahali pake. Mbuzi mmoja alijaribu, akajuta.

Nesi Mpolokeng alipofika, daftari kwapani, alikuta 'M'e 'Mapontšo akifoka.

— Nauliza tena! Makopo yangu matupu yamekwenda wapi? Wiki nzima mnaniomba kopo, kopo, kopo. Mnajenga nini?

— Mimi langu la misumari, akasema Mgodi.

— Mimi skrubu, akasema Betri.

— Nyaraka, akasema Hakimu, akatazama mbali.

— Habari za jua? akasalimu Nesi.

— Jua lipo, Nesi, akajibu Hakimu, tatizo Mgodi kalikalia lote. Karibu. Lakini usikae hapo kwenye pengo.

— Najua, ntate. Nitasimama. Nimekuja kuwaomba msaada.

Benchi likajiweka sawa. Miaka minane Nesi Mpolokeng anafanya kazi kliniki ya hapo, na siku zote wao ndio wanaomwomba: dawa ya kikohozi, cheti cha kutofika shambani, mara moja hata ushauri wa posa. Leo mganga kaja kwa wagonjwa. Hakimu akavua kofia, akaipiga vumbi, akaivaa tena.

— Sema, mwanangu. Mahakama inasikiliza.

— Kesho saa tatu asubuhi nafundisha hospitali ya wilaya. Madaktari wanne, wauguzi kumi na wanane. Somo ni matumizi ya bangi katika tiba.

Betri alipaliwa na kahawa ikamtokea puani.

— Unafundisha nini, ausi, dada yetu?

— Bangi.

— Nani?

— Madaktari.

— Na polisi wamealikwa?

— Betri, sheria siku hizi inaruhusu ya tiba. Kuna kampuni zina leseni, mmeziona nyumba zao za plastiki kule bondeni.

— Nimeziona, akasema Hakimu kwa uchungu. Zina uzio wa umeme. Baba yangu mzazi alifungwa miezi mitatu kwa somo hilo hilo, na hakupewa hata cheti.

Walicheka, Nesi naye akacheka, maana hilo lilikuwa kweli na kila mtu analijua. Ha Ramokoatsi hulima mahindi mbele ya nyumba na matekoane, bangi yenyewe, nyuma ya mahindi. Bibi zao walilima, bibi wa bibi zao walilima, na kijiji kizima hakina leseni hata ya baiskeli. Ukiuliza nani analima, unaonyeshwa mahindi.

— Sikilizeni, akasema. Walinipeleka Maseru, mji mkuu, siku tatu. Nimerudi na cheti cha muhuri wa dhahabu. Daktari mkuu amesema hivi: kesho akiridhika kwamba nimeelewa na wenzangu wameelewa, atatia saini barua, na kliniki yetu iletewe mafuta ya dawa kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyosikia vidonge. Asiporidhika, barua inalala kabatini. Orodha yangu ina majina matatu. Jina la kwanza…

Hakulitaja. Wote wanne walilitazama pengo kwenye ubao.

— Basi ulitakaje? akauliza Mgodi, sauti imeshuka.

— Muwe madaktari. Nifundishe hapa, niwazoee. Naogopa, ntate. Nikisimama mbele ya wasomi ulimi unakuwa mzito.

Haikuchukua dakika wakagombana. Hakimu akajitwalia udaktari mkuu kwa sababu ndiye mwenye kofia. Mgodi akasema yeye ni bingwa wa mifupa, maana ameona mingi ikivunjika. Betri akachagua upasuaji wa nyaya ndogo ndogo.

— Na mimi? akauliza 'M'e 'Mapontšo.

— Wewe ni mgonjwa, akasema Betri.

— Mgonjwa ndiye anawachemshia maji?

— Basi, akasema Hakimu, wewe ni hospitali yenyewe. Tuendelee. Swali la kwanza la madaktari: chakula kitakuwepo?

Nesi Mpolokeng alilifunga daftari pa! kama mtu aliyeona nyoka kati ya kurasa.

— Kwa nini unauliza chakula, ntate?

— Mimi ni daktari. Daktari akisikia neno semina, tumbo lake huwahi kufika kuliko yeye.

— Kitakuwepo, akasema kwa mkato. Tuanze ukurasa wa kwanza.

Akasimama wima, akakohoa, akaanza. Alisema mmea huu umetumika kwa maelfu ya miaka. Akasema si dawa ya kila kitu, na anayesema ni dawa ya kila kitu anauza kitu. Akasema unaweza kupunguza kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani, unasaidia aina fulani za kifafa kwa watoto, na unatuliza baadhi ya maumivu kwa baadhi ya watu. Akasema moshi unaumiza kifua na kliniki haitampa mtu moshi. Hapo Mgodi akakohoa bila kukusudia.

— Sasa, ukurasa wa tano. Mwili wa binadamu una vipokezi. Ni vitu vidogo sana, havionekani kwa macho, viko kwenye ubongo na mwili mzima. Dawa iliyomo kwenye mmea inaingia pale, inakaa, ndipo inafanya kazi.

Betri akasimama. Macho yalikuwa yanawaka.

— Subiri. Ausi, subiri. Inaingia kwenye tundu?

— Tuseme hivyo.

— Kama chaja!

— Si kama chaja, Betri.

— Ni chaja! Jamani, miaka yote nasema binadamu ni simu mnanicheka. Mgonjwa ni simu iliyobaki asilimia mbili. Mmea ndio chaja. Ukichomeka, taa nyekundu inageuka kijani. Ndiyo maana mtu akiivuta anakaa kimya hataki kuguswa: anachaji! Huruhusiwi kumtumia mtu akiwa anachaji, anapata moto!

— Na wanaocheka ovyo? akauliza 'M'e 'Mapontšo.

— Hao wamechajiwa kupita kiasi. Na kuna hatari moja, Nesi, waambie madaktari kesho. Chaja za ng'ambo zina pini mbili nyembamba. Huku kwetu tundu la ukutani lina matundu matatu manene. Basi na mwili wa Mosotho ni hivyo hivyo! Mafuta ya ng'ambo ukimpa mtu wa hapa yanacheza cheza tu, hayagusi. Inatakiwa ya hapa hapa, ya pini tatu!

— Hebu kaa chini, akasema Mgodi.

— Nakaa, lakini nimesema.

Nesi alitaka kusema kuwa vipokezi vya binadamu wote ni vilevile, lakini Hakimu alishainua mkono, na Hakimu akiinua mkono huushusha baada ya robo saa.

— Daktari Betri amepotosha mahakama, akasema. Jambo si matundu, jambo ni mwinuko. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maana yake nini? Mmea uliolelewa juu mlimani una akili timamu. Hapa kwetu juu, hewa nyepesi, mmea umetulia, unajiheshimu, unatibu. Ukiushusha Maseru unakutana na hewa nzito, kelele, magari, unalewa. Hauwaleweshi watu, ntate, wenyewe ndio unaolewa! Mtu wa bondeni anavuta mmea uliolewa, kwa hiyo naye analewa kwa kuambukizwa.

— Kwa hiyo? akauliza Nesi, kwa kuwa alilelewa kuwaheshimu wazee.

— Kwa hiyo madaktari wasiletewe mmea. Madaktari wapandishwe juu. Wakae hapa wiki, waizoee hewa, ndipo waruhusiwe kuandika dawa. Na kabla ya hapo mmea wenyewe uapishwe.

— Uapishwe?

— Usimame kizimbani, ushike Biblia kwa jani la kulia, useme unatibu nini na hautibu nini. Nimefagia kizimba kile miaka kumi na mmoja. Hakuna anayedanganya akisimama pale, isipokuwa watu.

'M'e 'Mapontšo alicheka mpaka akashika birika. Nesi naye alicheka, na akaona ulimi umeanza kulegea. Ndicho alichokitaka. Akafungua ukurasa wa tisa, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba mjamzito hapewi, kwamba mtu mwenye ugonjwa fulani wa akili anaweza kuzidiwa, na kwamba mzee anaweza kupata kizunguzungu akaanguka.

— Hapo hapo! akaruka Mgodi. Kuanguka! Mnajua kwa nini anaanguka? Kwa sababu mnampa kwa juu. Dawa inayotoka ardhini inatakiwa iingie kwa chini. Miguuni! Shimo namba nne tulikuwa na mchimbaji mmoja Mpondo, mgongo umemkataa kabisa. Akawa anasaga majani anaweka ndani ya buti, anavaa, anashuka. Mwezi wa pili anabeba mbao peke yake, anaimba.

— Si alikuwa anaimba kabla? akauliza Hakimu.

— Alikuwa anaimba, lakini sauti ya pili. Sasa akawa wa kwanza! Na punda wangu je? Alikula gunia zima, majani, mbegu na gunia lenyewe. Siku mbili alisimama njiani anawasalimia watu.

— Punda alisalimia?

— Kwa kichwa! Kila anayepita, kichwa chini, kichwa juu. Mama mkwe wangu alipita, akasema huyu punda ana malezi kuliko wewe. Na tangu siku ile hajawahi kuumwa kwato. Kwa nini? Imeshuka miguuni! Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, basi na kikuponyacho kiko kwenye soksi.

— Nesi, andika soksi, akasema Betri.

— Siandiki soksi.

— Andika punda basi.

Akageuza kurasa. Kumi na moja, habari za sheria. Kumi na mbili, jinsi ya kuhifadhi chupa kabatini chini ya funguo mbili. Kumi na tatu, dawa nyingine ambazo haziendi pamoja na mafuta haya, na hapo alisoma polepole maana Spika alikuwa akimeza mojawapo. Kisha akalamba kidole, akageuza kurasa mbili kwa mpigo.

— Ukurasa wa kumi na tano, heshima kwa mgonjwa…

— Ausi, umeruka, akasema Betri.

— Sikuruka.

— Umetoka kumi na tatu umeingia kumi na tano. Mimi hesabu yangu ni ya fundi, skrubu ikipungua najua.

— Kurasa zimegandana kwa baridi.

— Lete nizibandue, nina bisibisi.

— Betri! Heshima kwa mgonjwa, nimesema!

Nesi alijua alichokificha, na aliona aibu kuwadanganya watu hawa ambao wangempa hata mablanketi yao. Lakini kesho ilikuwa kesho, na alishapanga: pale kumi na nne angekohoa, angekunywa maji, angeruka kama alivyoruka sasa. Madaktari hawana bisibisi.

Hapo ndipo 'M'e 'Malimpho alipotokea kwenye kona ya duka.

Mke wa Spika hakuwa mtu wa benchi. Miaka yote alisimama mbali, karibu na zizi, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akageuka bila kungoja. Leo alikuja moja kwa moja, blanketi limefungwa kwa pini kifuani, na kikapu mkononi. Wanaume wakasimama. Hakimu akavua kofia, safari hii hakuipiga vumbi.

— Kaa, 'm'e.

— Sitakaa. Nimemwacha amelala, na hatalala sana. Amesema niwaulize: mahali pake pamekaliwa?

— Mwambie pako wazi, akasema Mgodi. Mwambie hata mbuzi anajua.

— Nitamwambia.

Akainama kwenye lile pengo, akaanza kutoa vitu kikapuni. Kopo la kwanza la kahawa akaliweka kwenye ubao. La pili. La tatu. La nne. Yote yale yale ya 'M'e 'Mapontšo, mekundu, yenye picha ya kikombe ubavuni.

Mgodi aliutazama mlima wa mashariki. Betri aliutazama wa magharibi. Hakimu, kwa kukosa mlima wa kwake, alitazama ndani ya kofia.

— Jumapili asubuhi, akasema 'M'e 'Malimpho, mtu alikuja mlango wa nyuma. Akaniambia, 'm'e, hii ni dawa ya mgongo wa mzee, lakini nakuomba, abadani usimwambie mtu, sheria ni mbaya. Nikashukuru. Jumapili jioni akaja wa pili, maneno yale yale. Jumatatu wa tatu. Jana wa nne. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayempenda mume wangu.

— Hatuwezi kujua ni akina nani hao, akasema Hakimu, kwenye kofia.

'M'e 'Malimpho akaligeuza kopo la kwanza. Ubavuni palikuwa na karatasi, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa kimahakama: KIELELEZO A.

Kopo la pili lilikuwa limefungwa kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, mara tatu, bila pengo. La tatu lilikuwa limekazwa kwa waya wa chuma, fundo lile wanalofunga wachimbaji na ambalo hakuna mkono wa mwanamke wala wa polisi unaoweza kulifungua. La nne halikuwa na alama yoyote, ila lilinukia makoenya.

— Hata wewe! akanong'ona Betri.

— Mimi ni hospitali, akajibu 'M'e 'Mapontšo, na uso wake ukawa mwekundu kuliko kopo.

Nesi Mpolokeng alifungua moja moja, yale aliyoweza. Kielelezo A kilikuwa majani makavu ya matekoane, ya kuchemsha kama chai. La utepe lilikuwa mafuta meusi mazito, yamepikwa kwa kufuata maelekezo ya kwenye simu ya mteja fulani. La 'M'e 'Mapontšo lilikuwa mkate uliokaangwa, na ndani yake mbegu zilizosagwa, kama bibi yake alivyowapa wanawake waliokuwa wakijifungua. La waya, Mgodi alilifungua mwenyewe kwa aibu. Lilikuwa unga wa kijani, na juu yake soksi mbili mpya.

Hakuna aliyecheka. Labda hapo ndipo pangefaa zaidi kucheka, lakini macho ya 'M'e 'Malimpho yalikuwa yamechoka mno.

— Umempa ipi? akauliza Nesi. 'M'e, umempa yoyote?

— Sijampa hata moja. Nilikuwa namngoja anayejua. Nilipita pale nyuma nikasikia mnafundishana, nikasema basi leo Mungu kanikusanyia wote pamoja. Sasa niambieni. Nimpe kiasi gani?

Upepo ukagusa bati la duka.

— Kiasi… akasema Betri. Inategemea asilimia zilizobaki.

— Zimebaki ngapi?

Betri akakaa.

— Haba na haba hujaza kibaba, akajaribu Mgodi. Unampa, unampa, mpaka…

— Mpaka nini?

— Mpaka… punda wangu alikula gunia, 'm'e. Sikupima.

— Hakimu? Kijiko? Nusu kijiko? Akiwa ameshakunywa vidonge, au kabla? Na akizidiwa nitajuaje, na nifanye nini?

Hakimu alifungua mdomo. Maneno ya miaka kumi na mmoja yalipanga foleni ndani yake, na hakuna hata moja lililopiga hatua mbele.

— Mahakama, akasema mwishowe, inaomba kuahirisha.

Kisha wote, pamoja na birika kama ingekuwa na macho, wakamgeukia Nesi Mpolokeng. Mwenye cheti. Mwenye muhuri wa dhahabu. Aliona jinsi walivyomwamini, na hilo ndilo lililomvunja. Akafungua daftari, akaziachanisha zile kurasa mbili, ambazo hazikuwa zimegandana hata kidogo.

— Ukurasa wa kumi na nne, akasoma. “Kipimo.”

— Endelea, akasema Hakimu.

— Hakuna kuendelea. Limeandikwa neno hilo, na nukta mbili. Basi.

Akawaonyesha. Ukurasa mweupe, mistari ya buluu kutoka juu hadi chini, na pembeni doa moja la mafuta.

— Ilikuwa siku ya pili, saa saba, akasema. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameandika neno kipimo ubaoni. Mtu akafungua mlango akasema chakula kinapoa. Mwalimu akasema, hili tutalirudia tukishakula. Tulipokula akaja mkubwa wa kampuni na filamu ya nyumba zake za plastiki, saa nzima, na muziki. Kisha picha ya pamoja. Kesho yake vyeti.

— Na kati yenu wote hakuna aliyenyoosha mkono? akauliza 'M'e 'Mapontšo.

— Kulikuwa na kuku.

— Wauguzi wangapi?

— Arobaini. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Doa hili ni la paja.

Akasema hivyo machozi yakimlenga. Alingoja wamcheke, au wamwonee huruma, na hakujua lipi lingeuma zaidi. Lakini 'M'e 'Malimpho hakufanya lolote kati ya hayo. Alilitazama lile neno moja kwenye ukurasa, muda mrefu, ingawa kusoma hakukuwa kazi yake.

— Kwa hiyo hujui.

— Sijui, 'm'e. Najua kwamba huanzwa kidogo mno, kisha hungojwa. Kidogo ni kiasi gani kwa mtu wa umri wake, anayemeza vile vidonge, sijui. Na haya ya makopo hakuna anayejua nguvu yake. Usimpe.

— Nilijua kuna mtu atasema kweli leo, akasema 'M'e 'Malimpho. Afadhali umekuwa wewe. Na hao wa kesho, madaktari, wao wanajua?

— Nadhani mmoja wao lazima anajua. Au anajua wa kumpigia simu.

— Basi si kazi yako kuwafundisha. Kazi yako ni kuwauliza.

Lilikuwa jambo rahisi, na siku tatu za Maseru hazikulitaja. Nesi akatoa kalamu kwenye nywele. Chini ya neno lile akaandika umri wa Ntate Phakiso, na uzito wake wa Ijumaa iliyopita, ambao alikuwa nao kichwani kwa sababu ulikuwa umemtia hofu. Akaandika vidonge vyake, kila kimoja, na saa.

— 'M'e, usiku anaamka mara ngapi?

— Nimeacha kuhesabu. Andika sita.

— Anakula?

— Akimwona mbuzi wake anakula.

— Andika mbuzi, akasema Betri kwa sauti ndogo, na safari hii Nesi akaandika.

'M'e 'Mapontšo akachukua kikombe cha bati cha Spika kilichokuwa kimetundikwa msumarini wiki sita, akakifuta kwa aproni, akamiminia humo kahawa ya mwisho ya birika. Hakikujaa. Akakifunika kwa kitambaa, akampa 'M'e 'Malimpho.

— Mpelekee. Mwambie ndiyo ya mwisho leo, hawa wengine wakanywe theluji.

Mwanamke akaondoka na kikombe mkono mmoja, kikapu kitupu mkono wa pili. Makopo manne yakabaki kwenye pengo. Hakuna aliyethubutu kuchukua lake, maana kulichukua ni kukiri, hata kama mmoja alikuwa ameandika kielelezo kwa mkono wake.

— Nesi, akasema Hakimu. Yale niliyosema, ya kuapishwa. Usiyaseme kesho.

— Sitasema, ntate.

— Na punda, akasema Mgodi.

— Hata punda.

Akalitia daftari kwapani. Jua lilikuwa limeanza kuupanda ukuta, likiwaacha miguuni. Ulimi haukuwa mzito tena. Kwa kweli ulikuwa unamwasha. Ataanza na ukurasa wa kumi na nne. Ataandika neno lile ubaoni, na chini yake umri wa mtu, uzito wa mtu, vidonge vya mtu na mbuzi wa mtu, kisha atasimama mbele ya mlango.

Alikuwa ameshafika kwenye zizi Betri alipomwita.

— Ausi! Sasa ile saa saba, yule mtu akija kufungua mlango?

Nesi Mpolokeng hakugeuka.

— Kesho, akasema, chakula kitapoa.